Rejeta, Mbuzi Watatu na Maji ya Kisima Changu

Maji ya kisima changu yana chumvi.

Nimelikana jambo hili tangu siku ile mashine ya kuchimba ilipoondoka nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Kitui, ikaniachia shimo refu, mnara wa tangi na kiburi. Nimelikana kanisani na kwenye harusi za watu. Nimelikana mbele ya sufuria ya maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi na bado yakabaki magumu kama changarawe. Nikasema maharagwe ni ya zamani. Chai ya maziwa ikikatika, nilisema ng'ombe ana homa. Niliwahi hata kuandika makala nzima gazetini, yenye maneno makubwa niliyoyabeba kutoka chuo kikuu, kuhusu utamu wa maji ya mtu aliyejichimbia mwenyewe. Na walipokuja wageni wa heshima, niliwapikia chai kwa maji ya mvua ya tangi lililo nyuma ya nyumba, kisha nikawaonyesha kisima kwa mkono bila kusema neno, ili uongo uwe wao.

Sasa mmekuwa mkiniuliza, rafiki zangu, yaliyonipata safari ya Kibwezi. Nusu mmeisikia kwa shemeji yangu Mutinda, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye katika masimulizi yake yeye ni shujaa na mimi ni moshi. Someni na yangu.

Tulikuwa tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa niaba ya mwanangu Kioko. Kwa wale ambao hamkuzaliwa Ukambani: ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, wanaopelekwa kwa kina msichana kabla ya jambo jingine lolote. Beberu huchinjwa siku hiyo hiyo, pande zote mbili zikala, na tangu hapo msichana ni wenu. Asipochinjwa, jambo bado liko hewani. Na mbuzi wakirudishwa, hata mwenye digrii mbili haulizi maana yake.

Msichana anaitwa Mumbua, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakulima wenye shamba la kumwagilia kando ya mto pale Kibwezi. Lakini hawakuzaliwa mtoni. Kabla ya kuhamia hapo waliishi juu, kwenye nchi kavu, na Mumbua alibeba mtungi mgongoni utoto wake wote, hadi kamba ikamwachia alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo kabla ya mbuzi kuruhusiwa kusafiri, mama yake alinipigia simu na swali moja tu. Akija kwenu, atakunywa maji gani?

"Matamu, mama," nikamjibu. "Ya kisima chetu wenyewe."

Sikupepesa hata jicho. Ni kweli alikuwa kwenye simu na asingeniona, lakini mnajua ninachomaanisha.

Kitui hadi Mutomo: mshale unapanda

Pikapu yangu niliachiwa na mume wangu, na ina umri wa kuchukua kitambulisho. Nyuma tulipakia mbuzi, majani yao, na mitungi minne ya maji ya kisima changu, kwa sababu kwa miezi kadhaa gari hilo lilikuwa limeanza kunywa maji kama mgeni aliyekula njugu. Nilijiambia ni uzee. Uzee ni maelezo mazuri sana, hayahitaji mtu kufungua boneti.

Mutinda alikaa kando yangu akiwa ndani ya suti ya kahawia, tai na kizibao. Yeye ni mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwa wakwe, na alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake tangu tulipotoka langoni. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya "sisi si watu wa maneno mengi" alipokatiza.

"Shemeji, huo mshale unaenda wapi?"

Nilimwambia ni wa joto, na kwamba huwa hivyo. Tukapanda kilima kimoja zaidi, mshale ukaingia pekundu, na harufu tamu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani ya gari kama jamaa asiyealikwa. Mvuke ulipoanza kutoka nilisimama kando ya barabara kwa utulivu mkubwa, kama mtu aliyekuwa amepanga kupumzika hapo hapo.

Mutinda alishuka, akaweka mkono juu ya boneti, akauondoa upesi, akaamua kuombea kwa mbali. Aliomba kwa kirefu. Aliitaja Bahari ya Shamu, akaitaja mifupa mikavu ya bondeni, akamwomba Mwenyezi aikumbuke rejeta kwa jina lake. Mbuzi walijibu kwa njia yao. Alipomaliza, injini ilikuwa imepoa vya kutosha kwa mtu kufungua mfuniko kwa kitambaa, nami nikamimina mtungi mzima ndani. Gari likawaka. Mutinda akanitazama kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Tulifika Mutomo kwa mtindo huo, kilima, mvuke, sala, mtungi. Tukaliacha gari kwa fundi aliye karibu na soko na kwenda kula muthokoi katika hoteli ya ng'ambo. Nawasifia huo muthokoi. Mahindi yalikuwa laini, maharagwe laini, yaani chakula cha kumfanya mwenye kisima kama changu aangalie pembeni. Mwenye hoteli alikuwa mkarimu hata akawapelekea mbuzi wangu karai la maji ya mvua. Waliyanusa, wakageuza nyuso kama wakwe waliopewa chai ya rangi. Nikasema wamechoka na safari.

Kwa fundi tulikuta mkutano. Katika nchi hii gari likifunguliwa boneti huitisha kikao lenyewe. Mwuza viazi alisema ni gasketi. Mtu wa bodaboda alisema ni mkanda wa feni, akaushika, ukawa mzima, akasema basi ni kitu kilicho nyuma ya mkanda. Mzee mmoja aliyekuwa anapita alisema magari ya sasa ni ya karatasi, akaenda zake. Fundi mwenyewe, kijana mnene mwenye kofia ya sufu katika jua lile, aliwaacha wamalize. Aliangalia mafuta ya injini, hayakuwa na maji. Aliwasha injini mfuniko ukiwa wazi, akaangalia mapovu, hayakuwepo. Gasketi ikawa imeachiwa huru. Kisha akaegemea gari na kuniuliza:

"Madam, hii gari mnaiwekea maji gani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo safari yote ingeishia. Kama ningejibu inavyopasa, angeifungua rejeta, angeona alichostahili kuona, na mimi ningefika kwa wakwe nikiwa mwanamke mwenye heshima. Lakini Mutinda alikuwa amesimama pale, na mwuza viazi, na nusu ya soko la Mutomo.

"Maji hayana shida," nikasema kwa sauti ninayoitumia kwenye makongamano. "Ni ya kisima changu. Ni matamu."

Fundi akaniamini. Ndilo tatizo la sauti ile. Akaiacha rejeta kama shahidi aliyethibitishwa kuwa hana hatia, akamgeukia mshukiwa aliyebaki, themostati, kile kijifundo kinachofunga na kufungua njia ya maji ndani ya injini. Akaking'oa. Alisema kitu hicho kilitengenezewa nchi za baridi, Ukambani hatuna kazi nacho, Mungu alishatuwekea joto la kutosha. Alinikabidhi kama daktari anayekukabidhi jino lako, nikakitia mkobani.

Mutomo hadi Ikutha: joto kwa dawa ya joto

Kwa muda gari lilikwenda vizuri, na nilianza kumweleza Mutinda namna mwili wa gari unavyofanana na wa binadamu, mambo niliyoyasoma mahali. Kisha mshale ukaanza kupanda tena, bila haraka, kama karani anayerudi kazini baada ya chakula cha mchana.

Hapa nilikumbuka jambo la kweli. Lile joto wanalopulizia ndani ya gari watu wa nchi za baridi hutoka kwenye maji ya injini. Ukilifungulia lote, unaivuta injini joto lake na kulileta ndani mlipo ninyi. Injini inapona. Ninyi shauri yenu. Nilikizungusha kile kifundo cha joto kwenye dashibodi ambacho hakijawahi kuguswa tangu gari liingie Kitui. Kwanza likatoka vumbi la miaka yote hiyo, kisha pumzi ya tanuri.

"Hiyo ni nini?" akauliza Mutinda.

"Ni kuipoza injini."

"Na sisi?"

Nilimwambia avue koti. Alikataa. Alisema msemaji hafiki kwa watu akiwa na koti mkononi kama mwuza mitumba. Basi tukateremsha vioo na kwenda hivyo, jua la Ikutha likitupiga kutoka nje na injini ikitupiga kutoka ndani. Hotuba ilikoma. Tai ilibadilika rangi. Nikimwangalia kwa pembe ya jicho nilimwona ameyafumba macho na midomo inacheza, na safari hii haikuwa kwa ajili ya rejeta.

Mshale ulishuka kidogo, nawahakikishia. Ulishuka vya kutosha kutufikisha mwanzo wa soko la Ikutha kabla ya kupanda mara moja kwa yote. Tuliposimama, Mutinda alifungua mlango na kuketi chini kwenye changarawe, suti na yote. Mama mmoja aliyekuwa akiswaga punda wake wenye mitungi alitupa fimbo na kuja mbio. Alidhani ninampeleka mgonjwa hospitali, na mbuzi ni wa kulipia matibabu. Ilinichukua muda kumweleza kwamba huyu ni mkwe anakwenda kuposa.

"Anaposa akiwa hivi?" akasema, akimwangalia. "Kwani msichana amekataa vijana?"

Alimwaga maji yake kichwani kwa Mutinda bila kuhesabu, maji aliyoyatoa mbali na ambayo bado alikuwa na njia ya kuyafikisha. Mnajua kwetu maji hayakataliwi. Mtu akikupa chakula unaweza kusema umeshiba, lakini ukikataa maji ya mtu katika nchi kavu kama ile umemwambia hana kitu. Nikawa tayari kushukuru na kumimina yake kwenye rejeta, maana mitungi yangu miwili ilikuwa imekwisha. Akaushika mkono wangu, akaniita mama kwa Kikamba chetu.

"Usitie hii kwa gari, mwaitu. Hii yetu iko na chumvi. Osha uso, peana kwa mbuzi, lakini gari itakufia."

Hakuna aliyemwuliza. Alisema tu, kama unavyomwambia mtu kuna mwiba hapo. Nikamjibu kwa tabasamu la mwenye huruma kwamba asiwe na wasiwasi, gari langu limezoea maji matamu, nikafungua mtungi wangu wa tatu na kumimina. Mbuzi walipewa ya kwake. Walikunywa mpaka wakalamba karai.

"Hawa mbuzi wako wanajua maji," akasema Mutinda kutoka chini.

Nilidhani ni joto linaloongea.

Kuvuka Athi hadi Kibwezi: wakwe wamekaa

Kutoka Ikutha barabara inateremka kwenda mto Athi, na mteremko ni rafiki wa mwenye gari bovu. Tulivuka daraja, tukaiacha Kitui nyuma na kuingia Makueni kwa mwendo wa kiungwana, mshale katikati, Mutinda akikaushwa na upepo. Alianza hata hotuba upya. Kisha ikaja ile miinuko ya upande wa pili.

Kioko alikuwa ameshafika kutoka kazini kwake Nairobi na alikuwa akinipigia simu kila tuliposimama. Simu ya kwanza alisema, mama, wazee wamekaa. Ya pili, mama, wazee wanakunywa uji. Ya tatu alinong'ona kwamba baba yake Mumbua amemwuliza kama kwao kuna saa, na hakujua kama ni utani. Nilimwambia awaambie tuko karibu. Mutinda akaniuliza kama mzee wa kanisa anaruhusiwa kunyamaza jambo kama hilo likisemwa. Nikamwambia anaruhusiwa.

Mtungi wa nne tuliumaliza tukiwa tunaiona Kibwezi kwa mbele. Mpaka leo sijui tulifikaje. Najua tu kwamba tuliingia kwenye lango la wakwe tukiwa ndani ya wingu, mbuzi wakipiga kelele, feni ikivuma, na mvuke ukipanda juu ya migomba yao iliyonawiri. Injini ilizimika yenyewe katikati ya ua, mbele ya viti vilivyopangwa. Kwaya ndogo ya akina mama iliyokuwa imejiandaa kutupokea ilisahau wimbo.

Uani kwa wakwe

Tulipewa viti, tukapewa maji ya kunywa, baridi, ya mtungini, na sitayasema sana maji hayo kwa sababu bado yananiuma. Mutinda alikunywa vikombe vitatu na kufumba macho. Alisimama kuanza hotuba, lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mama yake Mumbua alikuwa ameshaliendea gari.

Mama huyu ni mtu wa viatu vya mpira na funguo kiunoni. Ndiye anayeendesha pampu ya shamba lile, na injini yoyote inayoingia uani kwake ni kama mtoto wa jirani anayelia, lazima ajue ina nini. Alingoja mvuke uishe. Akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiondoa haraka. Akakiweka chini ya rejeta, akakiacha hapo.

"Juu moto, chini baridi," akatangaza, na alipenda kutangaza, nilimwona. "Maji hayapiti. Imeziba."

Alifungua mfuniko, akaingiza kidole, akakikwaruza. Kilitoka na magamba meupe, magumu, kama ya birika la zamani. Akayazungusha kwa wazee waliokaa, mmoja mmoja, kama sahani ya sadaka. Alisema mipira yao ya kumwagilia iliziba hivyo hivyo kule walikotoka kabla ya kuhamia mtoni, na kwamba yule aliyetia maji haya alikuwa anapika chumvi ndani ya injini. Kisha akaniuliza lile swali. La fundi wa Mutomo. Lake mwenyewe, la kwenye simu.

"Mama Kioko, hii gari inakunywa maji gani?"

Kabla sijafungua mdomo, Mutinda aliokoa jahazi, kama anavyowaambia ninyi kila Jumapili. Alisema ni maji ya Ikutha. Tulisaidiwa na mama mmoja njiani, watu wa kule wana roho nzuri, lakini maji yao, mnajua wenyewe. Wazee wakatikisa vichwa. Baba yake Mumbua akasema watu hao wangewaambia wageni, si vizuri kumwacha mtu aharibu gari.

Ilikuwa imekwisha. Niliweza kuona namna ilivyokwisha. Beberu angechinjwa, Mutinda angemaliza hotuba, na yule mama wa punda angebaki Ikutha bila kujua kwamba huku Kibwezi amekuwa mtu mbaya. Nilikuwa nimemdanganya mkwe, fundi, gazeti na kanisa, na nililala vizuri. Lakini huyu alikuwa ameushika mkono wangu.

"Si ya Ikutha," nikasema. "Yule mama alituambia ya kwake yana chumvi kabla hata sijauliza. Hakuna tone lake humo ndani. Haya ni ya kwangu. Ya kisima changu."

Mutinda aliketi. Kioko aliangalia viatu vyake, viatu vipya, alivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Na Mumbua, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni na bakuli mkononi, akasema bila kupandisha sauti:

"Mimi nilijua, mama. Siku ile nilikuja kwenu nikaosha mikono, sabuni ikakataa kutoa povu. Halafu nikaletewa chai nzuri sana."

Alilihamishia bakuli mkono wa pili.

"Maji ya chumvi nitatafutia tangi la mvua, si shida," akaendelea. "Lakini mtu akiniambia chumvi ni sukari kila siku, huyo nitamtafutia nini?"

Alirudi jikoni. Wazee walinong'onezana, kisha baba yake akasema kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi, kwamba safari imekuwa ndefu, wageni wapate chakula, na mbuzi walale. Watazungumza kama familia. Watatupigia simu. Beberu alifungwa kwenye nguzo akiwa hai na mwenye afya, akanitazama jioni yote.

Tulipewa wali na maharagwe. Maharagwe laini kama siagi. Nilikula yote, kama mtu anayetumikia kifungo.

Kibwezi hadi Kitui: mshale umetulia

Asubuhi fundi wa rejeta alitoka mjini Kibwezi na kuing'oa. Aliyeyusha risasi iliyolehemu sehemu ya juu, akakibandua kichwa cha rejeta, na tukaona vijia vyote vya maji vimejaa kitu cheupe, kama meno ya mtu asiyejua mswaki. Alipitisha fito nyembamba za chuma katika kila kijia, kimoja baada ya kingine, na unga mweupe ukamwagika kwenye gazeti alilolitandika chini. Niliomba lisiwe lile lenye makala yangu. Alisukuma maji ndani ya injini mpaka yakatoka safi, akafunga rejeta kwa risasi mpya, kisha akauliza iko wapi themostati. Nikaitoa mkobani. Aliichemsha kwenye sufuria, ikafunguka vizuri kabisa. Haikuwa na kosa lolote. Aliirudisha mahali pake, akajaza ile dawa ya kijani ya rejeta iliyochanganywa na maji ya mvua, na akaniapisha mbele ya Mutinda kwamba sitatia kitu kingine.

Tulirudi bila mbuzi na bila jibu, mshale ukiwa umesimama katikati kama askari wa gwaride. Nilikuwa nimetamani safari kama hiyo kwa miezi mingi na sikuifurahia hata kidogo. Ikutha tulimtafuta mama wa punda, hatukumwona. Mutomo nilisimama kumwambia fundi ukweli.

"Lakini nilikuuliza," akasema, akirekebisha kofia yake ya sufu.

Mutinda alivua koti tulipofika Mutomo. Hakuwa na mtu wa kulivalia.

Nyumbani

Siku zilipita. Kioko hakunilaumu, jambo ambalo sikulipenda. Alinitumia ujumbe mmoja tu kuuliza kama wamepiga. Niliweka kibao kwenye mfereji wa kisima kinachosema maji ya kufulia na ya mifugo, na mhubiri wetu alipopita akakisoma mara mbili. Nilinunua maharagwe mapya na kuyapika kwa maji ya mvua, yakaiva upesi, nikayala peke yangu nikisikiliza barabarani kama kuna gari linalorudisha mbuzi.

Simu ikalia nikiwa nafua. Ni mama yake Mumbua. Nilikausha mikono kwenye leso kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hakunisalimia. Alianza moja kwa moja, kwa ile sauti yake ya kutangaza, akisema mbuzi wangu wana tabia mbaya. Tangu nilipoondoka hawakutaka maji. Wamepelekwa mtoni, wakasimama kwenye maji na wasinywe. Wamepewa ya mtungini, ya mfereji, ya mvua, wananusa na kugeuza nyuso. Beberu alikuwa anakonda, na yeye hawezi kuwakalisha wazee mbele ya beberu mwenye mbavu.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo nisiyoitambua, kama wanataka kuwarudisha.

"Kurudisha?" akasema. "Mumbua ndiye alisema tutie chumvi kidogo kwa karai. Sasa wanakunywa kama watu wa harusi. Njooni Jumamosi, huyu beberu amenenepa." Kisha akaongeza: "Na mje na mtungi wa hayo maji yenu. Chumvi yangu ya jikoni imekwisha."